Kilio cha Paa na Ukimya wa Samaki

Katika Kiswahili nyama ni jina la chakula na mnyama ni jina la kiumbe, na baina ya majina hayo pana herufi moja tu. Lugha ya kale haikuhitaji hata herufi hiyo. Neno nyama lilitosha kumtaja kiumbe alipokuwa porini, na lilitosha kumtaja tena alipokuwa chunguni. Mwingereza ana jina la nguruwe aliye hai na jina jingine la nguruwe aliyekwisha pikwa, hata mlaji aweza kumaliza sahani yake asimkumbuke aliyeliwa. Mswahili hakupewa maficho hayo. Kama katika mlo wake kuna jambo la kuonea haya, lugha yake hailifuniki.

Walakini neno jingine huja likavuruga uwazi huo. Mwambaoni mboga ni majani na mimea ya kupikwa, na kinachotowelewa, hasa samaki na nyama, huitwa kitoweo. Bara, na Mbinga ni bara, mboga ni kila kitu kinachouteremsha ugali. Mama wa Mbamba Bay husema bila kosa lolote kwamba mboga ya leo ni usipa. Basi mhubiri akifika kando ya Ziwa Nyasa akawasihi watu wale mboga na kuwaacha viumbe, wenyeji wataitikia kwa ukarimu na kumwandalia samaki. Hatakuwa amepingwa, atakuwa hakusikika.

Kutosikika huko si kwa msamiati peke yake. Wako leo, katika nchi nyingi, watu wanaodai kwamba binadamu hana haki ya kumuua kiumbe apate kushiba, wala ya kumkamua, wala ya kumnyang'anya mayai yake. Madai hayo yakiingia katika Kiswahili yatakutana na fasihi iliyotangulia kusema mengi juu ya huruma kwa wanyama. Yafaa kuuliza fasihi hiyo imemsikia kiumbe yupi, na kwa sababu gani, na ni nani aliyeachwa nje ya mlango. Jibu lake litapimwa katika nchi ya Mbinga na mwambao wa Ruvuma wa Ziwa Nyasa, ambako chakula ni jambo zito kuliko mjadala wa watu walioshiba.

Mafundisho yenyewe yastahili kuelezwa kwa haki kabla ya kukubaliwa au kukataliwa. Mwezi wa Novemba 1944, Donald Watson na wenzake wachache walianzisha Vegan Society huko Uingereza. Walijitenga na wale waliokwisha acha nyama lakini wakaendelea na maziwa na mayai, kwa kuwa waliona ya kwamba maziwa ya ng'ombe ni ya ndama wake, na kwamba ng'ombe wa maziwa na kuku wa mayai nao huishia kisuni. Mwaka 1975 mwanafalsafa wa Australia, Peter Singer, katika kitabu chake Animal Liberation, alitoa hoja kwamba maumivu ni maumivu, na hayapungui uzito kwa kuwa aumiaye si binadamu. Mwaka 1983 Tom Regan wa Marekani, katika The Case for Animal Rights, alikwenda mbali zaidi. Kwake mnyama ana maisha yaliyo yake mwenyewe, na hata akichinjwa bila maumivu amedhulumiwa. Hoja hizi zilipata nguvu kwa sababu zilizaliwa katika nchi za viwanda, ambako kuku na nguruwe hufungiwa kwa maelfu katika majengo, wasiione ardhi wala jua mpaka siku ya kufa.

Atakosea asemaye kwamba fikra hizi ni za Ulaya tu. Mshairi kipofu wa Syria, Abul-Ala al-Maarri, aliyekufa mwaka 1057, aliacha nyama, samaki, maziwa, mayai na hata asali, akisema kwamba nyuki hawakuikusanya kwa ajili ya wengine. Mwanachuoni mmoja mkuu wa Cairo alimwandikia barua kumhoji juu ya mwenendo huo. Kabla yake, katika karne ya 10, Ikhwan as-Safa wa Basra walitunga kisa ambamo wanyama wanamshtaki binadamu mbele ya mfalme wa majini. Katika baraza hilo hoja za binadamu huvunjwa moja baada ya moja: uzuri wa umbo, wingi wa maarifa, ustadi wa kazi. Hushinda mwishoni, lakini kwa ahadi ya maisha ya baada ya kufa, ahadi ambayo wanyama hawakupewa. Na katika Mombasa na Nairobi wamekaa Wajaini, ambao dini yao huwakataza nyama, samaki na mayai, na majirani zao Waswahili wamewajua kwa vizazi kadhaa. Fikra ya kumwacha mnyama aishi ilikwisha piga hodi Afrika Mashariki. Kilichosalia ni kujua kama fasihi ya Kiswahili iliifungulia.

Iliifungulia nusu. Ushahidi wa kwanza ni kisa cha Sultani Darai, kilichochapishwa na Edward Steere katika Swahili Tales mwaka 1870. Maskini anayechakura jaani apate punje za mtama anaokota thumuni, anamnunua paa, na paa huyo anamtafutia mke, nyumba na utajiri. Siku paa anapougua, bwana wake anamtupia uji duni wa mtama na maneno makali, na paa anakufa kwa huzuni. Tajiri anazinduka yuko jaani tena, anachakura kama kwanza. Hukumu ya kisa ni kali, wala hakuna msomaji anayeiona kuwa si ya haki. Walakini itazamwe imetolewa juu ya kosa gani. Mtu huyu hakuhukumiwa kwa kumla paa, wala kwa kumtumikisha. Alihukumiwa kwa kusahau hisani. Paa asiyemtendea mtu jema lolote, aliyenaswa mtegoni akachunwa, hakutajwa katika kisa, na wala hakuna sababu ya kudhani kwamba angaliliwa na mtu.

Ushahidi wa pili ni Utendi wa Ngamia na Paa, mmoja wa tendi 6 ambazo J. W. T. Allen alizitoa katika kitabu chake Tendi mwaka 1971. Wanyama wawili wanamkimbilia Mtume. Ngamia ana malalamiko juu ya bwana wake, na paa aliyenaswa anaomba ruhusa akanyonyeshe wanawe kisha arejee. Mtume anajifanya dhamana, naye paa anatimiza ahadi yake. Hapa huruma imepanda daraja moja, kwa kuwa paa huyu hamdai mtu hisani. Anachokileta ni umama, na umama huo unatosha kuufungua mkono wa mwindaji. Hata hivyo sharti moja limesalia mahali pake: paa husema. Husema lugha ya watu, hutoa sababu, huahidi, na hutimiza. Amepewa rehema kwa kuwa amejithibitisha kuwa mwaminifu kuliko waaminifu. Paa bubu, mwenye wana wale wale na maziwa yale yale, angalikuwa kitoweo.

Ushahidi wa tatu ni wa Shaaban Robert. Katika Adili na Nduguze, kilichotoka mwaka 1952, manyani wawili hupigwa mjeledi kila usiku na mtu ambaye kwa tabia ni mpole na mwadilifu, naye huwalilia huku akiwapiga. Manyani hao ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu, waliogeuzwa umbo kwa sababu ya ubaya waliomtendea. Katika Alfu Lela Ulela, ambako kisa cha namna hii kilitangulia, waliogeuzwa ni mbwa. Shaaban Robert aliwafanya manyani, wanyama walio karibu zaidi na umbo la watu, na kwa badiliko hilo akaukaza uchungu. Habari ya mapigo inamfikia mfalme Rai, na mwenye kupiga anaitwa kujieleza kabla haijajulikana kwamba ndani ya ngozi zile mna watu. Mahali hapo kitabu kinasimama juu ya jambo kubwa: mfalme anataka sababu ya mnyama kuumizwa, kwa kuwa ni mnyama aumizwaye. Lakini hadithi haikai hapo. Siri inafunuliwa, ndugu wanarejeshewa umbo lao, na msomaji anatulizwa kwa kuambiwa ya kwamba waliokuwa wakiumia ni binadamu. Nyani wa kweli, asiye na mtu ndani yake, anatoka katika hadithi kimya kimya. Swali la Rai linapata jibu la swali jingine.

Ushahidi wa nne ulikuja kwa tafsiri. Fortunatus Kawegere alikifasiri kitabu cha George Orwell kwa jina la Shamba la Wanyama, kikatoka mwaka 1967, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha. Haishangazi kwamba wasomaji wa Tanzania waliwaona viongozi katika nguruwe, na wavuja jasho katika farasi. Walakini Orwell mwenyewe, katika dibaji aliyoandika mwaka 1947 kwa ajili ya toleo la Kiukraine, alieleza kwamba fikra ya kitabu ilimjia alipomwona mtoto akimchapa farasi mkubwa wa mkokoteni katika njia nyembamba, naye akawaza ya kwamba binadamu huwanyonya wanyama kama matajiri wanavyowanyonya wafanyakazi. Kitabu kilichoanza kwa farasi wa kweli kimesomwa kana kwamba hakuna farasi ndani yake. Hii ndiyo desturi ya hadithi za wanyama: sungura ni ujanja, fisi ni ulafi, simba ni enzi. Mnyama huvaliwa kama barakoa, na barakoa haina maumivu.

Kutokana na shahidi hawa wanne masharti ya huruma yanaonekana waziwazi. Kiumbe atasikilizwa akisema, au akiwa ametenda hisani, au akiwa na mtu ndani yake. Masharti haya si ya kudharauliwa. Yamewafundisha watoto wengi kutowapiga punda, na yanaafikiana na maana ya utu, ambao ni heshima ya mtu kwa yule anayehusiana naye. Udhaifu wake ni kwamba yote matatu humtaka mnyama afanane na binadamu kabla ya kuhurumiwa, na hakuna kiumbe anayeshindwa mtihani huo kama samaki.

Samaki wa methali zinazojulikana zaidi amekwisha kufa kabla methali haijaanza. Samaki mkunje angali mbichi: ubichi huo ni wa samaki aliyekwisha vuliwa. Samaki mmoja akioza, wote wameoza: wako tengani. Mkosa kitoweo humangiria: hapa hata hakutajwa, na kukosekana kwake ni msiba wa mlaji. Yuko samaki mmoja anayesema katika kisa cha Punda wa Dobi, kilichomo pia katika kitabu cha Steere, naye ni papa. Lakini papa huyo hasemi apate kuokoka. Husema apate kumhadaa kima na kumtoa moyo. Na punda wa kisa hicho, aliyerejea kwa simba mara ya pili akaliwa, anachekwa kwa kuwa hakuwa na moyo wala masikio. Aliyeliwa ndiye aliyelaumiwa.

Ukimya wa samaki hupimwa vizuri zaidi mahali ambapo yeye ndiye nguzo ya maisha, na Ruvuma ina mahali pa namna hiyo. Ziwa Nyasa lina eneo la kilomita za mraba 29,600 hivi, na kina chake hufikia karibu mita 700. Wataalamu wamehesabu humo zaidi ya aina 700 za samaki, na walio wengi hawapatikani popote pengine duniani. Mwambao wa mashariki, kutoka Lituhi kupita Liuli hata Mbamba Bay, ulikuwa sehemu ya wilaya ya Mbinga mpaka ilipotengwa wilaya ya Nyasa mwaka 2012. Watu wa ufukweni hulima mihogo na mpunga, na usiku huenda majini na taa kuvua usipa, samaki mdogo mweupe afananaye na dagaa. Asubuhi usipa huanikwa mchangani au juu ya chanja, na ukikauka hupanda mlima kwenda kuuzwa Mbinga.

Mlimani hali ni nyingine. Wamatengo hulima kwa ngoro: hufyeka nyasi, huzilaza katika miraba juu ya mteremko, kisha huzifukia kwa udongo uchimbwao katikati, hata mlima huwa kama sega la nyuki. Kwa desturi wanaume hufyeka na kuzilaza nyasi, na wanawake huchimba na kupanda maharage. Mahindi hufuata katika zamu yake. Mashimo huzuia maji ya mvua yasiuchukue udongo, na nyasi zikioza huurutubisha. Kilimo hiki kimeshikilia milima mikali kwa zaidi ya miaka 100, na rutuba yake ya asili haitoki zizini. Mtetezi wa mimea akitaka ushahidi kwamba ardhi ya Afrika yaweza kulisha watu bila kutegemea samadi, asiende mbali; upo Mbinga, nao ni kazi ya wakulima wasiopata kusikia jina la Watson. Na ugali na maharage ya milimani ni mlo ambao al-Maarri, aliyesemekana kuishi kwa dengu na tini, angaliuketia bila kinyongo.

Ushahidi huo, hata hivyo, una upande wa pili. Ruvuma ni mkoa wa mahindi mengi, ambao huuza chakula nje ya mipaka yake, na bado mwaka 2018 watoto wake wapatao 4 katika kila 10 walio chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa. Kudumaa huko kuna sababu nyingi, zikiwemo maradhi, maji machafu na uzito wa kazi za akina mama, wala haitakuwa haki kuitupa lawama yote juu ya mlo. Lakini miongoni mwa sababu hizo ni mlo wa aina moja. Vitamini B12 haipatikani katika mimea kwa kiasi cha kutegemewa, na watetezi wa mimea wenyewe huwashauri wafuasi wao wameze vidonge au wale vyakula vilivyoongezwa vitamini hiyo. Kwa mtu wa London ushauri huo ni mwepesi, kwani duka li mtaani. Kwa mama wa kijiji cha mlimani, konzi moja ya usipa mkavu, unaoliwa na mifupa yake, ndiyo kidonge. Kumwambia aiache kabla ya kumpa badala yake ni kumlipisha mtoto wake gharama ya wema wa mwingine.

Hapa watu wengi wataona kesi imekwisha: haja imeshinda. Haikwisha. Haja ni utetezi wenye nguvu, na kwa sababu hiyo hupenda kuazimwa na wasio nayo. Usipa wa mama wa mlimani hautetei nyama ya nguruwe inayochomwa mjini Mbinga kwa mtu aliyekula jana na juzi. Haumtetei afisa wa Dar es Salaam mwenye sokoni pake kunde, choroko, njugu mawe na kila aina ya mchicha. Wala haumtetei mvuvi atumiaye nyavu za macho madogo au chandarua cha mbu, akazoa vifaranga pamoja na wakubwa. Kila mmoja wa hawa hujificha nyuma ya mtoto aliyedumaa, na mtoto yule hafaidiki lolote kwa kuwaficha.

Tena yuko anayeumia. Mwaka 2003 watafiti wa Uingereza, Lynne Sneddon na wenzake, walionyesha kwamba samaki aina ya trauti ana mishipa ya fahamu inayopokea madhara, na kwamba akidhuriwa mdomoni mwenendo wake hubadilika. Wako wataalamu wanaobisha kama hayo yastahili kuitwa maumivu. Lakini kwa mhakiki wa fasihi yatosha kumtazama samaki wa miamba ya Nyasa, aitwaye mbuna. Jike lake huyachukua mayai yake kinywani, na humo huangua na kuwalea wanawe kwa majuma kadhaa, huku likila kidogo sana au lisile kabisa. Likinaswa, mara nyingi huwatema. Paa wa utendi aliomba ruhusa akanyonyeshe, akapewa kwa sababu alisema. Mama huyu wa ziwani hana wa kumwombea, na hata angalijua lugha ya watu asingaliweza kuitumia, maana kinywa chake kimejaa wana. Sharti la kusema, lililoonekana kuwa pambo tu la hadithi, linafichuliwa hapa kuwa dhuluma. Kwa sharti hilo umama ule ule umehukumiwa hukumu mbili.

Sheria nazo zimefuata njia ya hadithi. Tanzania ilitunga Sheria ya Ustawi wa Wanyama mwaka 2008, nayo inakataza ukatili katika ufugaji, usafirishaji na uchinjaji. Haigusi haki yenyewe ya kuchinja. Mwezi wa Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, wakikutana Addis Ababa, walikubaliana kupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi, ambazo zilikuwa zikipelekwa China kutengenezewa dawa. Hatua hiyo ilisifiwa, na ilistahili. Walakini sababu iliyotajwa mara nyingi ni kwamba punda huwabebea wanawake maji na mizigo, na kwamba akiisha, mzigo utarudi kichwani mwa mama. Ni hoja ya Sultani Darai katika mavazi ya mkutano: mtumishi asilipwe ubaya. Punda amepona kwa hisani yake, si kwa uhai wake, na yule ambaye kazi yake yote kwa binadamu ni kuliwa hawezi kupona kwa njia hiyo.

Mtu aweza kusema ya kwamba samaki hulindwa vya kutosha na faida ya mlaji mwenyewe. Upande wa Malawi, huko Cape Maclear, wataalamu waliihusisha kuzidi kwa kichocho na kuvuliwa kupita kiasi kwa samaki wanaokula konokono wenye kubeba maradhi hayo. Mla mbuzi hulipa ng'ombe, na wavuvi waliolipa kwa afya zao walijifunza. Hoja hiyo ni ya kweli na ni ya manufaa. Lakini humlinda samaki kama ghala linavyolindwa. Humwuliza mvuvi atakula nini kesho. Haimwulizi amemtenda nini kiumbe wa leo.

Basi hukumu gani yafaa kutolewa? Katika jambo moja watetezi wa mimea wameishinda fasihi ya Kiswahili, nalo ni kumtaja mwenye haki ya kusikilizwa. Kwao haki hiyo haitaki lugha, wala hisani, wala mtu aliyefichwa ndani. Inataka uwezo wa kuumia tu. Kipimo hicho ni kipana kuliko cha Darai, ni cha haki kuliko cha utendi, na ndicho ambacho Rai alikaribia kukishika kabla siri haijafunuliwa. Katika jambo la pili wamekosea, wale miongoni mwao wanaotoa hukumu moja kwa watu wote. Kusikiliza si kuhukumu. Baraza linalomsikia samaki lina wajibu wa kumsikia pia mama wa mlimani, na likiisha kuwasikia wote wawili laweza kumpa mama konzi yake ya usipa bila kujidanganya kwamba hakuna aliyepoteza. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yenye uzito. Fasihi iliyopo humpa mlaji usipa na kumwambia kwamba hakuna aliyepoteza, kwa kuwa aliyepoteza hakusema.

Neno haja lina maana pia ya ombi, na maana zote mbili zinahitajika hapa. Mwenye haja ya kweli huomba. Huchukua kiasi, hushukuru, hasazi hata kikaoza, na haja ikiisha huacha. Asiye na haja huchukua tu. Kipimo hiki hakimlazimishi mwenyeji wa Liuli kuishi kama Mjaini wa Nairobi. Humlazimisha Mtanzania mwenye duka, mshahara na jiko kueleza kwa nini haishi hivyo, na kumlazimisha kueleza si jambo dogo, kwani mpaka sasa hajapata kuulizwa kwa lugha yake.

Kuuliza huko ni kazi ya waandishi kabla ya kuwa kazi ya wahubiri. Wahubiri wana vitabu vya Ulaya vilivyoandikwa juu ya kuku wa viwandani, na vitabu hivyo havimjui mbuna wala chanja la usipa. Waandishi wa Kiswahili wana paa, ngamia, punda na nyani, lakini wamewaacha hao wasimame badala ya watu kwa muda mrefu mno. Mwandishi atokaye Lituhi au Mbamba Bay, aliyelala akisikia makasia na kuamka akigeuza usipa juani, anajua mambo ambayo Singer hakuyajua na Steere hakuyasikia. Akiandika, asimpe samaki wake ulimi wa binadamu, maana kufanya hivyo ni kurudia sharti lile lile. Amwache bubu kama alivyo, mwenye wana kinywani, na aandike juu ya mkono unaovuta wavu, na mtoto anayengoja mlimani, na msomaji aliyeshiba, wote watatu katika kitabu kimoja.